Gari Lenye Uso wa Zamani

Siku ile tulikuwa watu saba pale bondeni. Nilikuwepo mimi, binti kifungua mimba. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ambaye alikuwa ameshanipita kimo na hakuacha kunikumbusha. Alikuwepo dada yetu wa tatu, na kitinda mimba wetu, mapengo mdomoni, meno ya utoto yakiwa yameng'oka na mengine hayajaota. Alikuwepo mchungaji mmoja wa Kiorma, mtu mzima, amesimama juu ya tuta na fimbo yake mabegani, ng'ombe wake wakila nyasi nyuma yake. Alikuwepo kijana aliyekuja na gari, na mama yake, aliyeketi kiti cha mbele. Sote saba tuliona nilichofanya. Waliokielewa walikuwa wawili tu, mimi na yule mchungaji.

Baba na mama hawakuwepo. Baba alikuwa amekufa miaka mingi, na mama alimfuata baada ya mafuriko ya Elnino, maji yaliposhuka na homa ikaingia kila nyumba. Lakini nikisema kweli, baba alikuwepo siku ile kuliko sisi sote. Amri zote zilikuwa zake. Mimi nilikuwa mdomo tu.

Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Garsen aliyenunua pamba na maembe, na baadaye mifugo. Tajiri yule alikuwa na malori mawili ya kazi na gari moja la roho yake. Lilikuwa Selika, gari la Kijapani la milango miwili, refu mbele, fupi nyuma, limekaa chini kama kuku anayeatamia. Kila mtu alimwambia kwamba gari la namna ile halifai kwa udongo wetu. Yeye alijibu kwamba landrova ni za serikali na za mapadri, naye si serikali wala si padri.

Ile Selika ya kwanza ilikuwa rangi ya chungwa. Ilikuwa na taa nne za mviringo, mbili kila upande, na bampa ya chuma iliyong'aa. Ukijitazama humo unaona uso wako umepanuka kama chapati. Ilipochoka, tajiri alileta nyingine. Jina lilikuwa lile lile, lakini ukiziweka pamoja usingesema ni ndugu. Hii ilikuwa kama imekatwa kwa rula, pembe kila mahali, hata saa zake za mwendo na mafuta mbele ya dereva zilikuwa za miraba. Taa zililala kwenye boneti zikitazama mbinguni, na baba akiwasha swichi ziliinuka taratibu, kama mgonjwa anayefumbua macho. Watoto wa Garsen walikuwa wakimwomba aziinue hata mchana. Katikati ya hizo mbili ilitoka moja ambayo tajiri hakuinunua. Baba aliiona Mombasa, akarudi akisema haina sura, ni kama kipande cha sabuni kilichoogewa na watu watatu.

"Lakini wanabadilisha sura tu," aliniambia. "Tumbo ni lile lile."

Akanilaza chini ya ile ya chungwa, kisha chini ya ile ya pembe, ili nione mwenyewe. Injini iko mbele. Kutoka pale nguvu inapita kwenye propela, lile bomba refu la katikati, hadi kwenye difu, lile bonge la chuma kati ya magurudumu ya nyuma. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma.

"Sasa ukikwama kwenye tope?"

"Uzito nyuma."

"Wapi?"

"Nyuma, baba."

Ndiyo sababu alikuwa na magunia mawili ya mchanga kwenye buti msimu wote wa mvua, na ndiyo sababu hakuwahi kulala njiani na gari ambalo watu walisema halifai.

Tajiri alihamia Mombasa na ile Selika ya pembe. Ile ya chungwa, iliyokuwa imekufa injini, alimwachia baba kama zawadi, ikakaa uani kwetu kando ya mto. Mwaka uliofuata baba aliugua kifua, akafa. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la nane, kabla ya mtihani, nikashika jembe pamoja na mama. Kisha yakaja yale mafuriko. Maji yalipopungua nilirudi kuitazama nyumba yetu ya zamani. Nyumba haikuwepo. Gari lilikuwepo. Tope lilikuwa limejaa ndani hadi kwenye usukani, na lilipokauka lilikuwa limeachana na kiti cha dereva, likabaki na bonde la mgongo na mabega, kana kwamba mtu aliketi pale mafuriko yote, kisha akanyanyuka. Najua ni umbo la kiti tu. Hata hivyo sikuwaruhusu wadogo zangu kucheza humo.

Tulijenga upya kwenye mwinuko, ng'ambo ya mto, kando ya barabara ya kwenda Witu. Chini yetu palikuwa na bonde la udongo mweusi, ule ambao ukilowa unashika kama ulimbo. Kila mvua magari yalikwama pale, na sisi tukapata kazi. Tulijaza magunia mchanga wa mtoni, tukayapanga kando ya barabara. Gari likikwama tunashuka, tunapakia magunia nyuma, wawili wetu wanakalia nyuma, linatoka. Malori, pikapu, gari la mwalimu mkuu, yote yalitoka. Madereva walitupa walichonacho, sukari, mafuta ya taa, mara nyingine shukrani tu. Mdogo wangu aliita kazi ile Kampuni ya Matako, kwa kuwa yeye na dada ndio walikuwa wakikalia.

Asubuhi ya siku ile msafara wa mabasi, na polisi wa kuusindikiza kwa ajili ya majambazi, ulikuwa umepita mapema. Baada ya hapo barabara huwa tupu mpaka kesho yake. Ilikuwa yapata saa nne tuliposikia injini moja, nyembamba, ikija kutoka upande wa Garsen. Ikalia kwa nguvu pale bondeni, kisha ikalia bila kwenda popote.

Tulishuka mbio. Nilipoliona lile gari miguu yangu ilipoteza kasi yenyewe. Lilikuwa la kijani iliyokoza, jipya kwa macho yetu, moja ya yale yaliyokuwa yakiletwa bandarini kutoka Dubai. Lilikuwa la mviringo kila mahali, halina pembe hata moja. Lakini mbele lilikuwa na taa nne, mbili kila upande. Macho yale yale ya gari la baba. Nikazunguka nyuma, nikasoma jina. Selika.

Kwetu mtoto akizaliwa na uso wa babu yake aliyekufa, tunampa jina la babu na tunamwita babu. Hakuna anayeuliza kama tumbo lake nalo ni la babu. Mimi nililitazama lile gari kwa namna hiyo. Nikaona furaha, Mungu anisamehe.

Mlango ulifunguliwa, mama mmoja wa makamo akashusha mguu mmoja kwenye tope, akaurudisha. Alivaa buibui. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mwanangu," aliniambia, "hapa hadi Kipini ni mwendo gani?"

"Kwa tope hili, mama, saa mbili na zaidi."

"Dadangu amefariki alfajiri. Tumepigiwa simu Malindi. Watamzika baada ya swala ya alasiri, hawatangoja zaidi, nami siwalaumu. Nataka nimuoshe mimi. Sisi tulifiwa na wazee mimi nikiwa bado naogeshwa kwenye beseni. Yeye ndiye aliyeniosha, yeye ndiye aliyenilea. Tuliahidiana, atakayebaki amuoshe mwenziwe."

Nyuma yangu walikuwa wamesimama wale watatu ambao mimi niliwaogesha. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

"Utafika, mama," nikasema. "Gari hili nalijua tangu utotoni."

"Afadhali wewe," kijana wake alisema. "Mimi nina wiki tatu nalo. Najua kuliendesha tu."

Tukatoa sanduku lao, tukapakia magunia manne kwenye buti. Mdogo wangu na dada wakakalia juu. Kijana akatia gia. Tope liliruka. Liliruka kutoka mbele, likapaka milango yote miwili, na pua ya gari ikazama kidogo. Niliona kwa macho yangu mwenyewe lilikoruka. Nikasema, "Uzito hautoshi."

Tukaongeza magunia mawili. Kitinda mimba naye akapanda.

"Kampuni imejaa," mdogo wangu alisema. "Dada, wewe peke yako ndiye uliye chini. Bosi hakalii?"

Kijana akakanyaga mafuta. Gari likatetemeka, likazama zaidi.

Ndipo yule mchungaji aliposema kutoka juu ya tuta. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha kuvunjika. "Wewe msichana. Hii gari nachimba na miguu ya mbele. Ya nyuma nalala tu."

Msimu uliotangulia ng'ombe, sijui wa nani, walikuwa wamekula mahindi yetu usiku mmoja. Kila mwenye ng'ombe aliyepita nilimwona ni yeye.

"Mzee," nikamjibu, "angalia ng'ombe wako wasiingie shamba la watu. Hili si dume lako."

Wadogo zangu wakacheka.

"Ng'ombe nazama mbele," akasema bila kukasirika, "mimi napanda matako yake? Hapana."

Wakacheka zaidi, mdogo wangu akapiga makofi kwenye buti. Hata kijana mwenye gari alitabasamu. Mama yake hakucheka. Alitazama saa yake.

Tulichimba kuzunguka magurudumu ya nyuma. Tulikata matawi, tukayasokomeza chini ya magurudumu ya nyuma. Tulifanya kila kitu ambacho baba angefanya, na tulikifanya vizuri. Saa tano ikapita. Tulimletea yule mama kigoda na maji, akakaa kando ya barabara, upindo wa buibui lake umejaa tope. Mwanzoni alikuwa akiniuliza, "Bado, mwanangu?" Nami nikimjibu, "Kidogo tu, mama." Saa sita hakuuliza tena. Adhuhuri ilipoingia alitandika kanga juu ya tuta, akaswali, na alipomaliza alibaki ameketi, viganja vimefunuka mapajani, anavitazama. Nilielewa alikuwa akiitazama mikono ambayo ingekuwa imeshika maji wakati ule.

Nami nilikuwa nikimsikia baba. Sisemi kwa mfano. Nilimsikia karibu kabisa na sikio, kwa ile sauti yake ya kukwaruza ya siku za mwisho. Uzito nyuma. Wapi? Nyuma, baba. Kila nilipotaka kusimama na kufikiri, aliniuliza tena, na mimi nikajibu kama mwanafunzi mzuri.

Ilikuwa yapata saa nane mchungaji aliposhuka. Alilaza fimbo yake kwenye nyasi, akamshika kitinda mimba kwapani akamteremsha, akawaashiria wale wawili nao washuke. Akafungua buti, akatoa gunia la kwanza, akalitupa, la pili, mpaka la sita. Kisha akachomoa matawi yetu nyuma, akayapeleka mbele, akayasukuma kwa kisigino chini ya magurudumu ya mbele. Mawili ya magunia akayapandisha juu ya boneti, akayalalia kwa kifua chake.

"Sasa," akamwambia kijana. "Polepole."

Magurudumu ya mbele yalizunguka mara mbili, yakashika. Gari likapanda, likatoka bondeni kama mtu aliyeitwa. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai.

Nilipiga magoti pale pale, nikatazama chini yake. Hakukuwa na propela. Hakukuwa na difu. Nyuma palikuwa patupu.

Kijana alishuka akiwa anacheka kwa uchovu, akanishika mkono. "Asante, dada. Umetufaa leo." Mama yake alikuja akanishika mikono yote miwili, vile vile ilivyokuwa na tope. "Mungu akuweke," alisema. "Umenihangaikia kama umezaliwa na mimi." Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo maneno yote, mafupi, hayakuwa magumu: mzee aliniambia mapema, nikakataa. Kilichotoka ni, "Safari njema, mama."

Mchungaji alikuwa akifuta mikono kwenye nyasi. Alinitazama, akaokota fimbo yake, akawafuata ng'ombe.

Siku ya tatu kijana alirudi peke yake. Alisimamisha gari juu ya mwinuko, mbali na bonde, akaja kwa miguu hadi kwetu na mfuko wa maandazi aliopewa na jamaa zake. Alisema walikutana na watu wakirudi makaburini. Nyumbani, mama yake alikuta ufuo umeshafukiwa, lile shimo linalochimbwa chumbani kupokea maji ya kuoshea maiti. Aliketi juu ya ule udongo mbichi mpaka magharibi, wakashindwa kumwinua.

"Si kosa la mtu," akasema. "Ni tope."

"Ndiyo," nikasema. "Ni tope."

Wadogo zangu waliyala yale maandazi. Mimi sikuweza.

Nilimtafuta fundi mmoja kijana wa Garsen, nikamuuliza kama swali la kawaida tu. Alicheka. "Propela? Hiyo iliisha kitambo, sista. Zile tatu za kwanza zilikuwa zinasukuma na nyuma, hata ile ya macho ya kulala. Ya nne ndiyo waligeuza kila kitu, injini wakailaza upande, ikawa inavuta na mbele. Ya tano hivyo hivyo, ila mviringo zaidi. Hii yenye unasema, ya macho manne, ni ya sita. Hiyo sura wametoa kwa ile ya zamani, ili watu wapende."

"Waligeuza lini?"

"Miaka ya themanini huko. Babako alikuwa bado anaendesha."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kama wangegeuza baada ya kifo chake ningesema hakuweza kujua. Lakini alikuwa hai, anafundisha, na mahali fulani magari yalikuwa yameshageuka tumbo, ila hakuna hata moja lililofika Garsen kumwambia. Nilikwenda hadi kwenye ile Selika ya chungwa. Magugu yalikuwa yameota kupitia sakafu. Niliinama dirishani nikasema, kwa sauti, mtu mzima mimi, "Baba, waligeuza." Nilisubiri. Kisha niliona aibu, nikarudi nyumbani.

Tangu hapo sijapakia gunia bila kupiga magoti kwanza. Nikiinama chini ya gari la mtu, nasikia harufu ya grisi hata kama gari lenyewe ni safi, na najua si mimi peke yangu ninayetazama. Tunatafuta difu pamoja. Kama haipo, ni mimi ninayemwambia baba.

Yule mama alihamia Kipini, kwenye nyumba ya marehemu dada yake. Kila Ramadhani ilipokaribia kwisha kijana wake aliniletea kitu kutoka kwake: tende, kanga mbili, mara moja kitambaa cha sare ya kitinda mimba. Na salamu. Mama anakuombea kila swala. Mama amewasimulia watu wa Kipini habari ya msichana wa bondeni aliyefukua tope kwa mikono yake tangu saa nne mpaka saa nane kwa ajili ya maiti asiyoijua. Kila salamu ilipokuja nilikuwa nikiipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, na kila mara ile kweli ikawa nzito zaidi kusema.

Mchungaji naye hupita wakati wa kiangazi akiwaleta ng'ombe mtoni. Nilimwomba radhi kwa maneno yale ya dume, akasema ameshayasahau, ingawa aliyarudia yote bila kukosea hata moja. Kisha akaniuliza, "Ulimwambia?"

"Bado."

"Mimi siwezi kwenda kumwambia. Hiyo si yangu."

"Najua, mzee."

Mara ya mwisho kijana alipopita gari lilikuwa limebadilika tena. Ameuza lile la kijani, sasa ana jingine, refu, la milango minne, kwa kuwa ameoa. Alisema mama yake macho yamepungua nuru na anataka nifike kwake, nile chakula chake, anione uso kabla nuru haijamtoka kabisa. "Anauliza, utakuja lini?"

Nilimwambia nitakwenda mvua zikiisha. Mvua zimeisha mara nyingi. Yule mama bado yu hai, na bado anashukuru.